Kamba Inayozuia Kivuko

Msomaji anayevuka mara kwa mara kati ya Kisorya, wilayani Bunda, na Rugezi, kisiwani Ukerewe, ameuliza: baharia mmoja anawezaje kuzuia chombo chenye magari na abiria kwa kuzungusha tu kamba kwenye nguzo ya chuma?

Msuguano wa darasani, ule wa tofali juu ya meza, nauruka. Utamu uko kwenye mzunguko.

Kamba inayovutwa huibana nguzo, na kadiri inavyobana ndivyo msuguano unavyoongezeka. Ni kama shehena ya dagaa inayopita mikononi mwa madalali, kila mmoja akijitwalia theluthi ya kinachomfikia. Wa kwanza anajitwalia kingi. Wa pili anapata theluthi ya masalio, wa tatu theluthi ya masalio ya masalio. Hakuna aliyepangiwa kilo. Kila mtu na fungu lake kulingana na kilichomfikia. Akishapita dalali wa nne, imebaki sehemu moja tu kati ya tano. Basi robo ya mzunguko ni dalali mmoja: kizigeu cha msuguano kikiwa 0.25, kila robo inameza theluthi ya mvuto. Mzunguko mmoja hupunguza mvuto karibu mara 5, miwili mara 23, mitatu mara 111! Mkono unaoweza kuinua ndoo ya maji ya lita 20 unazuia zaidi ya tani 2. Kamba ikilowa, namba hubadilika. Leonhard Euler aliifanya hesabu hii karne ya 18, na kinachonifurahisha ni kwamba unene wa nguzo haumo kabisa. Kinachohesabiwa ni pembe.

Unene unadaiwa na uimara. Chuma laini huanza kuharibika umbo kwenye niutoni 250 hivi kwa kila milimita ya mraba, hivyo fimbo ya milimita 12 huhimili takriban tani 2.9. Fimbo mbili, tani 5.8. Chuma hujumlisha, msuguano huzidisha: kwa mzunguko wa nne, ndoo ileile inazuia zaidi ya tani 10, na hapo kinachokatika ni kamba, au nguzo inapinda.

Kwa hiyo chombo kizito hakisimamishwi kwa mkupuo. Kamba huachiwa iteleze kidogo kidogo, mwendo ugeuke joto. Nayo huzungushwa karibu na shina la nguzo, kwa kuwa ikipanda juu mara tatu, nguvu ya kuipinda nguzo pale chini nayo huwa mara tatu.