Mwalimu, Januari Isikutishe

Shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, walimu wengi hukosa usingizi. Mwaka 2026 baadhi yao walipokea wanafunzi wa kwanza kabisa wa Gredi ya 10 hapa Kenya. Hofu hiyo si uvivu. Humjia aijaliye kazi yake. Lakini huzidi mtu akitaka kuubeba mwaka mzima kwa usiku mmoja.

Katika Kutoka 18, Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu kutwa nzima, peke yake. Akamshauri agawe kazi. Basi, mwalimu, andaa masomo ya juma la kwanza tu. Lisilokuelea, muulize mwenzako kabla ya kengele kulia. Kisha omba, ukalale.