Raba za Injini Zikichakaa: Ngumu Zaidi Si Lazima Ziwe Bora Zaidi

Gari linapowashwa na kuanza kutikisika hadi vioo na dashibodi vikapiga kelele, wamiliki wengi hudhani kuwa injini imefikia mwisho wake. Mara nyingi tatizo ni dogo kuliko hilo. Kilichochoka si injini, bali raba zinazoibeba, ambazo mafundi wengi huziita maunti. Raba hizo zikibadilishwa mapema, gari hurejea katika utulivu wake. Zikiachwa, huharibu vifaa vingine vyenye gharama kubwa zaidi.

Swali ambalo mwenye gari hukutana nalo dukani ni aina gani ya raba anunue. Zipo zinazofanana na zile za kiwandani, na zipo ngumu zaidi, ambazo husifiwa kwamba hudumu na hazikatiki. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ina gharama ambayo muuzaji huwa haitaji. Makala haya yanaeleza kazi ya raba hizo, dalili za kuchakaa kwake, na mambo ya kuzingatia kabla ya kuchagua.

Jambo hili haliwahusu wenye magari peke yao. Mfumo wa m-mama, unaowasaidia wajawazito, wazazi waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura, hutumia gari la wagonjwa, na pale ambapo halipatikani, hutumia madereva wa jamii wenye magari yao wenyewe. Namba ya kupiga ni 115 na haitozwi malipo. Gari linaloitwa usiku kumchukua mzazi kijijini linaweza kuwa la jirani yeyote, na hali ya gari hilo humgusa mgonjwa moja kwa moja.

Kazi ya raba za injini

Injini haifungwi moja kwa moja kwenye fremu au bodi ya gari. Hukalishwa juu ya vipande vya raba vilivyogandishwa katikati ya mabamba ya chuma. Magari mengi madogo yanayosukumwa na magurudumu ya mbele huwa na raba tatu au nne. Magari yenye injini iliyolala kwa urefu, kama Land Cruiser na pikapu nyingi, huwa na mbili chini ya injini na nyingine chini ya giaboksi. Baadhi ya magari ya kisasa hutumia raba zenye majimaji ndani yake, ambayo husaidia kutuliza mtikisiko mkubwa.

Raba hizo zina kazi tatu. Ya kwanza ni kubeba uzito wa injini. Ya pili ni kuizuia isizunguke au kuruka wakati dereva anapokanyaga mafuta, anapofunga breki au anapopita kwenye mashimo. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kuzuia mtetemo wa injini usifike kwenye bodi, usukani na viti.

Kazi ya pili na ya tatu hukinzana. Ili injini isihamehame, raba inapaswa kuwa ngumu. Ili mtetemo usipite, inapaswa kuwa laini. Anayesafirisha trei za mayai kwa pikipiki analijua jambo hili: hukunja gunia na kuliweka chini ya trei, kisha hufunga kwa kamba kiasi cha kutosha. Akiweka ubao badala ya gunia, trei halitacheza, lakini mayai yatafika yamepasuka. Kiwanda huchagua ugumu wa raba kwa kupima pande zote mbili, kulingana na uzito na aina ya injini husika.

Dalili za kuchakaa

Raba huharibiwa na joto la injini, umri, barabara mbovu na uachiaji wa klachi kwa kishindo. Adui mwingine mkubwa ni mafuta. Raba ya asili ikilowa oili au dizeli huvimba, hulainika na hatimaye huachana na chuma chake. Dalili zinazojitokeza ni hizi:

- Gari kutetemeka sana likiwa kwenye silensa, hasa la gia ya kujiendesha linapowekwa gia huku breki imekanyagwa.
- Kishindo kusikika wakati wa kuondoka, kubadili gia au kurudi nyuma.
- Injini kuonekana imeinamia upande mmoja au kushuka.
- Bomba la moshi kupasuka mara kwa mara, mipira ya maji kuvutika, au feni kugusa kava la rejeta.
- Raba yenyewe kuwa na nyufa, kubanduka kwenye chuma au kuvuja majimaji.

Kabla ya kulaumu raba, fundi ahakikishe kwanza kuwa injini haimisi. Plagi mbovu, nozeli iliyoziba au silensa iliyoshushwa kupita kiasi huleta mtikisiko unaofanana kabisa na ule wa raba zilizokatika. Wapo walionunua seti nzima ya raba ilhali tatizo lilikuwa plagi moja.

Kinachotokea raba ngumu zinapofungwa

Raba nyingi ngumu za kisasa hutengenezwa kwa poliurethani. Ugumu wa vifaa vya aina hii hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A: raba za kawaida za kiwandani mara nyingi huwa kati ya 40 na 65, na za poliurethani kati ya 70 na 95. Zipo hata za chuma kitupu, ambazo zilibuniwa kwa ajili ya magari ya mashindano.

Faida zake ni za kweli. Injini hukaa imara, gia huingia bila kusitasita, na poliurethani huvumilia oili kuliko raba ya asili. Dereva wa mashindano huzihitaji kwa sababu kwake utulivu wa injini kwenye kona ni muhimu kuliko starehe.

Hasara yake inaeleweka vizuri kwa hesabu ndogo. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 750 kwa dakika ikiwa kwenye silensa hutoa misukumo 25 kila sekunde. Nayo injini ikiwa juu ya raba zake ina mwendo wake wa asili wa kuchezacheza, mithili ya mzigo ulioning'inizwa kwenye springi. Tuseme mwendo huo ni mara 10 kwa sekunde. Kanuni ni kwamba raba huanza kuzuia mtetemo pale tu misukumo inapozidi mwendo huo wa asili kwa takribani mara 1.4. Hapa 25 ni mara mbili na nusu ya 10, hivyo sehemu kubwa ya mtetemo huzuiwa. Kinachofika kwenye bodi ni kama sehemu moja ya tano.

Zikifungwa raba zilizo ngumu mara nne zaidi, mwendo wa asili huongezeka maradufu na kufika 20. Sasa 25 ni mara 1.25 tu ya 20, chini ya kiwango kinachohitajika. Badala ya kuzuia mtetemo, raba huukuza, na kinachofika kwenye bodi kinaweza kukaribia mara mbili ya kile kilichotoka kwenye injini. Hesabu hii haikuhusisha uwezo wa raba yenyewe kufyonza mtetemo, ambao hupunguza ukali kiasi, lakini mwelekeo wake haubadiliki.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini wanunuzi wengi hudanganyika. Injini ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika, misukumo huwa 100 kwa sekunde, mara tano ya 20, na mtetemo hupungua tena. Gari likijaribiwa barabara kuu huonekana limepona. Tatizo hujitokeza kwenye foleni, kituoni, au linapomsubiri mgonjwa nje ya zahanati huku injini ikinguruma.

Mtetemo unaopita kwenye bodi hauishii masikioni. Hulegeza bolti, hupasua breketi na viungo vilivyochomelewa, huchosha nyaya za umeme na hufanya mikono ya dereva ife ganzi katika safari ndefu. Kwa mama mwenye uchungu au majeruhi aliyevunjika mfupa, kila mtikisiko ni maumivu ya ziada. Ndiyo sababu si busara kulifungia gari la wagonjwa kipuri chochote kinachoingia, hata kama kipuri kinachofaa kinachukua muda zaidi kupatikana. Magari ya umma, kwa utaratibu wa Serikali, hufanyiwa matengenezo kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA), na mwananchi anayeona gari limesimama karakanani afahamu kuwa kungojea kipuri sahihi si sawa na kulitelekeza.

Vipande vya tairi na kuchanganya raba

Iko desturi ya kukata kipande cha tairi kuukuu na kukisokomeza mahali pa raba iliyokatika, au kupitisha bolti ndefu ili kuikaza. Njia hii inaweza kulifikisha gari nyumbani, lakini si matengenezo. Tairi lina nyuzi au waya ndani yake, halikugandishwa kwenye chuma, na huweza kuchomoka. Bolti iliyopitishwa moja kwa moja huunganisha injini na fremu, na kazi ya raba hufutika kabisa.

Kosa jingine ni kufunga raba moja ngumu na kuacha nyingine zikiwa laini na kuukuu. Ile ngumu hubeba mzigo usio wake, breketi yake hupasuka, nazo zile kuukuu hukatika upesi. Ikiwa moja imekatika kwa uzee, zote zikaguliwe, na zilizochoka zibadilishwe pamoja.

Ushauri kwa mwenye gari

Kwa gari la familia, teksi, daladala au gari linalobeba wagonjwa, chaguo salama ni raba yenye ugumu unaolingana na ule wa kiwandani. Kama raba ya awali ilikuwa ya majimaji, ibadilishwe kwa ya majimaji. Anayetaka kupunguza mchezo wa injini kwa sababu ya mizigo au barabara za matope anaweza kuanza na raba ya kuzuia mzunguko pekee, ile isiyobeba uzito wa injini, na kuchagua ugumu wa chini katika jamii ya poliurethani. Bado atarajie mtetemo kuongezeka.

Raba zilizotumika, zitokazo kwenye magari yaliyokatwa, ziangaliwe kwa makini. Raba huzeeka hata ikiwa imekaa rafuni, hivyo kipuri kinachong'aa kinaweza kuwa na miaka mingi. Mnunuzi aikunje kidogo atazame nyufa, alinganishe na ile ya zamani, na adai risiti ya EFD. Akiuziwa bidhaa bandia, risiti hiyo ndiyo ushahidi wake mbele ya Tume ya Ushindani (FCC).

Kwenye karakana, mwenye gari ahakikishe mambo yafuatayo:

- Uvujaji wa oili umezibwa kabla ya raba mpya kufungwa.
- Injini imeegemezwa kwa jeki yenye ubao mpana juu yake. Jeki isigusane moja kwa moja na sampu.
- Raba zinabadilishwa moja baada ya nyingine.
- Bolti zinakazwa kikamilifu baada ya injini kukaa kwa uzito wake wote, ili raba isibaki imejipinda.
- Wakati wa kujaribu injini kwa gia, hakuna mtu anayesimama mbele au nyuma ya gari.
- Bolti zinakaguliwa tena baada ya siku chache za kazi.

Raba kuukuu zisichomwe moto, kwani moshi wake ni hatari kwa afya. Majimaji ya ndani ya baadhi ya raba ni sumu kwa watoto na mifugo, hivyo yasimwagwe mtaroni wala kwenye kisima. Chuma chake kinaweza kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Raba ngumu inayodumu miaka mingi huku ikipasua breketi, bomba la moshi na mgongo wa abiria haijamwokolea mwenye gari fedha yoyote. Madereva wa jamii waliojiandikisha katika kata zao wanahimizwa kuzikagua raba za injini kila wanapobadilisha oili. Ukaguzi huo huchukua dakika chache tu, na abiria wa safari inayofuata anaweza kuwa mama anayekwenda kujifungua.