Je, Wajua? Kipindupindu cha Kagunga
Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walirundikana Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi mkoani Kigoma. Vyoo havikutosha, wengi walijisaidia ufukweni, na maji ya kunywa wakayachota Ziwa Tanganyika hapohapo. Kipindupindu kikalipuka, kikaua takriban watu 30. Meli kongwe ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilisaidia kuwahamishia wakimbizi Kigoma mjini.

Vifo hivi vinauma, maana kinachoua ni kuishiwa maji mwilini, jambo linaloweza kuzuiwa kwa kumrudishia mgonjwa maji na chumvi. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo mara anapoanza kuhara, huku ukimkimbiza kituo cha afya.