Breki za Nyuma za Pikapu ya Zamani: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Mmiliki wa pikapu ya zamani hulipeleka gari lake gereji kwa kuwa breki za nyuma hazishiki. Hufungiwa viatu vipya, hulipa, huondoka. Baada ya wiki chache hali hurejea palepale, na lawama huelekezwa kwa muuza spea kwamba ameuza bidhaa bandia. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi viatu hivyo havina kosa: vimeloweshwa na mafuta yaliyovuja, na uvujaji wenyewe haukuwahi kuzibwa. Mlaji hulipia matokeo, chanzo kikabaki ndani ya gari.

Makala hii inahusu pikapu na malori madogo yenye breki za mafuta na ngoma nyuma, ambazo mafundi huziita dramu. Malori makubwa ya breki za upepo yanahitaji fundi wake maalumu, na hayamo humu.

Dereva anapokanyaga breki, mafuta husukuma pistoni zilizomo katika silinda ndogo ya gurudumu, nazo hutanua viatu viwili hadi lainingi zake zisugue ukuta wa ndani wa ngoma. Kanyagio likienda chini sana, kisha likapanda na kuwa gumu ukilikanyaga mara mbili tatu, yawezekana viatu viko mbali na ngoma na vinahitaji kurekebishwa tu. Likiwa laini kama sponji, kuna upepo ndani ya mfumo. Likizama polepole huku umelikanyaga bila kuachia, kuna uvujaji, au silinda kuu imechoka. Gari la namna hiyo lisiondoke lilipo.

Ngoma ikishafunguliwa, mmiliki awepo na aangalie. Viatu vilivyolowa vina maelezo mawili yanayotofautiana kabisa. Mafuta ya breki hutoka kwenye silinda ya gurudumu, na kiwango chake katika chupa iliyo chini ya boneti hupungua. Mafuta ya difu hutoka kwenye sili ya ekseli. Ni mazito na yana harufu kali. Ukiwa na shaka, dondosha tone katika kikombe cha maji: mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3 na DOT 4, huchanganyika na maji, ya difu huelea. Kwa jaribio hilo dogo unajua ni kipi cha kubadilishwa, silinda au sili. Sili mpya nayo ikivuja mapema, muulize fundi kama amekagua kipumulio cha difu. Kikizibwa na tope, joto huongeza shinikizo ndani ya difu na mafuta hutafuta njia pembeni, hata sili iwe bora kiasi gani.

Lainingi iliyonyonya mafuta haifai tena. Kuiosha kwa petroli na kuipiga msasa, kama tunavyoona kando ya barabara, hakuyatoi mafuta yaliyokwisha kuingia ndani. Gurudumu moja litashika na jingine litateleza. Petroli na mafuta ya taa, zaidi ya hayo, huharibu raba za silinda.

Tatizo la kinyume ni ngoma inayopata moto kuliko mwenzake. Liinue gurudumu kwa jeki, uweke stendi imara, handibreki ikiwa imeachiwa. Likiwa gumu kuzunguka, fundi afungue kidogo nati ya kutolea upepo. Likilegea mara moja, shinikizo lilikuwa limenaswa, pengine na hosi iliyovimba ndani. Lisipolegea, chunguza waya wa handibreki na springi za kurudisha viatu kabla ya kingine chochote.

Yapo pia magari ambayo nyuma kila kitu ni kipya na bado breki ni dhaifu. Pikapu nyingi za zamani, baadhi ya Toyota Hilux zikiwemo, zina valvu iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Kazi yake ni kupima jinsi bodi inavyoshuka: gari tupu hupewa shinikizo dogo nyuma ili magurudumu yasijifunge, lenye mzigo hupewa kubwa. Kwetu ni desturi kuongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi. Bodi hubaki juu hata likiwa limejaa, valvu hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma hupunguziwa nguvu wakati zinapohitajika kuliko wakati wowote, mathalani kwenye mteremko wa Kitonga. Aliyeongeza springi amuulize fundi kuhusu fimbo hiyo.

Katika ukarabati wenyewe, viatu hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya ekseli. Ngoma huwa na kipenyo cha juu kilichoandikwa juu yake. Ikishapita kipimo hicho haichongwi tena, hununuliwa nyingine. Kirekebishaji cha kushoto kisifungwe kulia, kwa sababu nyuzi zake huwa kinyume, na badala ya kusogeza viatu karibu na ngoma kitavirudisha nyuma. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa: lainingi za zamani huweza kuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na watoto wakae mbali.

Kabla ya kazi kuanza, omba makadirio yanayotaja chanzo pamoja na kipuri. Baada ya kazi, dai vipuri vilivyotolewa, risiti, na maandishi ya kilichofanyika. Neno «breki» peke yake kwenye risiti halimsaidii mlaji. «Silinda ya gurudumu la nyuma kushoto, viatu pande zote mbili» humpa pa kuanzia endapo atalazimika kurudi.