Ndevu za Mahindi Zikichelewa

Wanangu wa Rebero, nyinyi mna bahati ya mlima. Mkipanda juu kabisa, mkaipa mgongo mitaa ya Kigali na kutazama kusini, mnaliona bonde la Nyabarongo, na ng'ambo yake nchi iliyoinama, yenye vilima vifupi. Hiyo ni Bugesera. Ukishavuka daraja kwa barabara ya Nyamata, hewa inakuwa nzito na joto linapanda. Mvua ya huko ni haba kuliko ya milima ya kaskazini na magharibi, na kiangazi chake ni kirefu.

Ajabu ni kwamba Bugesera ina maji. Ina maziwa mengi: Rweru, Cyohoha, Gashora, Rumira, Mirayi. Nyabarongo nayo inapita pembeni mwake hadi Rweru, ambako Akagera huanzia safari ya kwenda Ziwa Viktoria, na kutoka huko maji huingia Nile. Hata matone yaliyopiga bati la nyumbani kwenu wiki iliyopita yamo katika msafara huo. Tatizo ni kwamba maji yako chini na mashamba yako juu, na maji hayapandi mlima kwa kubembelezwa.

Tuseme kuna mama mmoja huko, jina lake tumwachie mwenyewe. Ana kishamba cha chini ya hekta moja, kama familia nyingi za Rwanda. Anategemea misimu miwili: Umuhindo, unaoanza Septemba, na Itumba, inayoanza mwishoni mwa Februari au Machi. Zamani misimu hiyo ilikuwa na adabu. Siku hizi mvua inabisha hodi, watu wanapanda, halafu inaondoka bila kuaga. Ikirudi, inarudi kwa hasira na kuzoa udongo.

Kwa nini? Hewa ikipata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi inayoongezeka. Hewa hiyo inainyonya ardhi, inaweka akiba angani, kisha inaimwaga yote kwa mkupuo. Ukipima mvua ya mwaka mzima unaweza kuona ni ileile ya zamani, na bado mama yetu akavuna mabua matupu.

Hapa tuingie shambani tulione hindi kwa karibu. Juu kabisa ya mmea kuna mbelewele, zinazomwaga chavua kama vumbi la njano. Chini, penye gunzi, zinachomoza ndevu. Kila unywele mmoja wa ndevu hizo umeungana na punje moja tu. Unywele ukipata chavua, punje inajaa. Ukikosa, mahali pake panabaki wazi. Sasa mmea ukishikwa na kiu wakati huohuo wa kuchanua, mbelewele hazingoji, zinamwaga chavua yake kama kawaida, lakini ndevu zinachelewa kutoka. Zinapojitokeza, vumbi limekwisha peperuka. Mama anamenya gunzi na kukuta mapengo kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Wiki mbili za jua kali, zikiangukia siku hizo za kuchanua, zinatosha kumharibia msimu wa miezi mitano.

Wazee wa Bugesera wameona makubwa kuliko hayo. Ukame wa miaka ya 1999 na 2000 ulileta njaa, familia zikafunga mizigo na kuhama. Wakati huo Ziwa Cyohoha la Kaskazini lilikauka, na jua halikuwa mkosaji peke yake. Watu walikuwa wamelima mpaka kwenye matope ya ukingoni na kuyang'oa mafunjo yaliyokuwa yakiyatunza maji. Baadaye kingo ziliachwa zipumzike, miti ikapandwa, na ziwa likaanza kurudi. Mimi nikisikia mtu anasema ukame ni kazi ya mbingu tu, humkumbusha ziwa hilo.

Basi mama yetu afanye nini? Mvua hawezi kuiamuru, ila anaweza kuichelewesha. Maji yakianguka shambani mwake, yasipate njia fupi ya kuteremkia bondeni. Anachimba mitaro inayokata mteremko kwa ubavu, maji yanatuama humo na kuzama taratibu. Majirani husaidiana kuichimba, mara nyingine siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Huko Machakos, Kenya, wakulima huchimba mtaro na kutupia udongo upande wa juu ili ujenge tuta, nao huuita fanya juu. Jembe ni lilelile.

Halafu kuna matandazo. Kati ya mistari ya maharage anatandika majani makavu, jua lisiupige udongo moja kwa moja. Saa saba mchana ukiingiza kidole chini ya majani hayo unakuta ubaridi na unyevu, na hatua moja pembeni, penye udongo mtupu, pamekauka kabisa.

Na maji ya bati? Hesabu yake ni rahisi, ifanyeni hata usiku huu. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 40 likipigwa na mvua ya milimita 30 linakusanya lita 1,200, yaani jerikani 60 za lita 20, na ni mvua moja tu hiyo. Ndiyo maana mashambani utaona mabwawa madogo ya kuchimba, yametandikwa nailoni nene yasivujishe. Maji hayo hayatoshi kunywesha shamba zima. Yanatosha kuokoa mboga na kipande cha mahindi katika zile wiki mbili za hatari, na mara nyingi hicho ndicho kinachohitajika. Ila nailoni nayo ina adui, na adui huyo ana kwato na ndevu. Bwawa lisilo na uzio halidumu.

Serikali husaidia wanaotaka pampu na mipira ya kumwagilia kwa kulipa sehemu ya gharama. Ni jambo jema, lakini sehemu inayobaki bado ni mlima kwa mtu mwenye kishamba kidogo, ndiyo maana wengi hununua kwa ushirika na kupangiana zamu. Tangu 2019 kuna pia bima ya mazao, ambayo serikali huchangia asilimia 40 ya ada.

Kuhusu mbegu nina neno. Mpango wa kuongeza mavuno ulioanza 2007 ulileta mbegu bora na mbolea, na mahindi yakapewa kiti cha mbele. Mtama haukuwa kwenye orodha. Sasa mtama ukishikwa na kiu hukunja majani na kungoja. Mvua ikirudi, unaendelea na safari. Mahindi hayana subira hiyo. Mama yetu anapanda mahindi kwa sababu yana soko, lakini kipande cha mtama na mihogo hakiachi, na anafanya vyema.

Ugomvi mkubwa kabisa, hata hivyo, unazuka baada ya mavuno, na unahusu mabua. Huko Gashora kuna chuo cha kilimo hifadhi, RICA, kilichoanza kufundisha 2019. Kilimo hicho kinasema usigeuze udongo ovyo, badilisha mazao, na mabua uyaache shambani yaufunike. Mama anakubali. Lakini zizini kuna ng'ombe, aliyempata kupitia Girinka, mpango wa kuzigawia ng'ombe familia maskini, na ng'ombe huyo hajasoma chuo chochote. Anataka mabua hayohayo. Asipokula, hakuna maziwa ya watoto wala samadi ya shamba.

Ili kuumaliza ugomvi huo, mama amepanda mabingobingo kwenye kingo za mitaro. Mizizi yake inashika udongo, majani yake yanakatwa kwa ajili ya ng'ombe, na mabua mengi yanabaki shambani. Mwezi Julai, kila kitu kikiwa kimekauka, mabingobingo hayo bado yana kijani, na mbuzi wa kijiji kizima wanalijua hilo. Kwa hiyo watoto wake, wa umri wenu, likizo yao wanaimalizia kwenye kingo, fimbo mkononi.