Nati Iliyolegea Haina Udogo

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naam, lakini upo ufa usioonekana kwa macho, nao huweza kuangusha daraja na kupindua garimoshi.

Wengi wetu hudhani kwamba chuma hukatika tu kinapolemewa na mzigo kupita kiasi. La hasha! Katika karne ya 19 mhandisi Mjerumani, August Wöhler, alizifanyia majaribio ekseli za magarimoshi, akathibitisha kwamba hata mzigo wa wastani, ukirudiwa mara nyingi mno, hukichosha chuma hadi kikakatika.

Bolti nayo huchoka vivyo hivyo. Aghalabu ufa huanzia kwenye meno yake, hasa pale yanapoanza kuumana na nati. Ajabu ni kwamba dawa yake kubwa si kutafuta bolti ya chuma kigumu zaidi, bali ni kuikaza barabara ile iliyopo. Bolti iliyokazwa huvutika kidogo na kuvibana vyuma viwili vikawa kama kimoja. Mtikiso ujapo, sehemu kubwa hupokewa na vyuma vilivyobanwa. Ikilegea, bolti huubeba mtikiso huo peke yake.

Tarehe 23 Februari 2007, treni iliyotoka London kuelekea Glasgow iliacha reli mahali paitwapo Grayrigg, kaskazini mwa Uingereza. Abiria mmoja alifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Wachunguzi walibaini kwamba kiungo kimoja cha bolti kiliachia pale reli zinapogawa njia, na vyuma jirani navyo vikaelemewa vikakatika. Ukaguzi ambao ungaliweza kuufichua ubovu huo ulipangwa kufanywa tarehe 18 mwezi huo huo, siku tano kabla ya ajali. Haukufanywa.

Uingereza haikukosa vitabu wala wahandisi. Ilikosa mtu wa kutembea kando ya reli siku hiyo moja.

Ndugu walimu, hapo pana somo. Sisi huwashangilia wanaokata utepe siku ya ufunguzi, tukamsahau fundi mwenye spana anayerudi mwaka baada ya mwaka. Tuwafunze wanafunzi wetu kwamba kutunza ni elimu sawa na kujenga. Nasi tuanzie karibu: dawati linaloyumba darasani leo linamngoja nani aje kulikaza?