Msumari wa Tairi na Msumari wa Kwato

Lugha ya Kiswahili haikosi maneno ya kupimia machungu. Kuna adha, ambayo ni usumbufu wa kupita; kuna hasara, ambayo huhesabika kwa shilingi na senti; na kuna msiba, ambao hauna bei wala fidia. Wazee waliotuachia maneno haya hawakuyatenga kwa kupenda kuijaza kamusi. Waliyatenga kwa sababu waliishi na mambo hayo matatu, wakatambua kwamba anayeyachanganya hujichosha bure siku ya adha, kisha akakosa nguvu siku ya msiba. La kusikitisha ni kwamba siku hizi tumeyatia yote katika kapu moja. Mwanafunzi aliyeachwa na basi husema kwamba amekwisha. Mwalimu aliyepotelewa na umeme katikati ya kusahihisha madaftari husema kwamba maisha yamemshinda. Mchuuzi aliyeuza leo kidogo kuliko jana hulia kwamba amefilisika. Ikiwa hayo yote ni maangamizi, je, tutabakiwa na neno gani siku maangamizi yenyewe yatakapobisha hodi?

Nauliza swali hili nikiwa mtu wa biashara ndogo sana. Baada ya kustaafu ualimu nilinunua punda wanne na mikokoteni miwili, nami huwauzia maji wakazi wa mitaa ya Naivasha. Huenda wapo watakaocheka. Punda ni wa ukoo mmoja na farasi na pundamilia, lakini katika ukoo huo yeye ndiye aliyeangukiwa na kazi zote bila sifa yoyote. Farasi ana uwanja wake wa mashindano kule Ngong, na watu huvalia nadhifu kwenda kumtazama. Pundamilia hutazamwa na watalii wanaolipa kwa fedha za kigeni. Punda huambiwa afe, mradi mzigo wa bwana ufike.

Hata hivyo, wanaomcheka hunywa maji aliyoyaleta. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ile inayoyatia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na kwa hivyo maji mazuri hayana budi kufuatwa yanakopatikana na kuletwa hadi mlangoni. Mkokoteni mmoja unaovutwa na punda wawili hubeba mitungi 20 ya lita 20, yaani kilo 400 za maji, bila kuutaja uzito wa mkokoteni wenyewe. Punda hanywi petroli, na pale ambapo gari hukwama yeye hupita.

Biashara ya namna hii ni shule ya mikosi midogo midogo. Alfajiri, tairi hukutwa halina upepo. Mtungi hupasuka ukiwa umekwisha kujazwa. Mvua hunyesha siku uliyotarajia mauzo makubwa, na wateja wakakinga maji ya paa bure. Mpangaji aliyeahidi kulipa Ijumaa huhama Alhamisi usiku. Na zaidi ya yote, punda husimama. Husimama katikati ya barabara, matatu zikipiga honi nyuma yake, wala haondoki kwa kubembelezwa wala kwa fimbo.

Wengi huuita huo ukaidi. Waliowachunguza wanyama hawa hutueleza vingine. Farasi akishtuka hukimbia kwanza. Punda akishtuka husimama kwanza, ili apime hatari iko wapi na ina ukubwa gani. Nimewahi kumwona punda akikataa katakata kuvuka kidimbwi kilichoonekana cha kawaida, na tulipochovya fimbo tukagundua shimo lenye kina cha goti. Pengine, basi, sisi binadamu ndio tulioiga tabia ya farasi. Jambo likitushtua, midomo yetu hukimbia kabla ya macho kulitazama.

Kupima ndiko ninakotaka tukuzungumzie, ndugu msomaji. Wapo wanaodhani kwamba mtu mwenye busara ni yule anayeyadharau matatizo yote madogo na kusubiri makubwa. La hasha. Ushahidi wangu ni msumari.

Jioni moja, kijana ninayefanya naye kazi alirejea akiwa amefura kwa hasira. Msumari ulikuwa umetoboa tairi njiani, wateja watatu wakachoka kungoja na kununua maji kwingine. Alinisimulia habari za tairi kwa robo saa nzima, kwa ishara za mikono na kwa viapo. Alipokuwa akiaga ndipo alipoongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba hata punda mmoja alikuwa amekanyaga msumari, ila ameshautoa na punda anatembea vizuri. Tairi lilizibwa kesho yake kwa shilingi chache. Punda tulimwitia daktari wa mifugo usiku ule ule.

Kwa nini tukafanya hivyo? Misumari ile ilikuwa ya aina moja, na huenda ilidondoka kutoka ubao mmoja. Tofauti ilikuwa katika kile ilichokichoma. Kuna ugonjwa wa kukaza misuli ambao Kiswahili huuita pepopunda. Huletwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa katika udongo na samadi kwa miaka mingi, zikisubiri kidonda chembamba na kirefu kisichopitisha hewa, mfano wa kile kinachoachwa na msumari. Kidonda hujifunga juu kikaonekana kimepona, ilhali sumu inatengenezwa ndani. Baada ya siku kadhaa taya hukaza, masikio husimama wima, na miguu hukakamaa kama ya meza. Wanyama wa jamii ya farasi hudhuriwa na sumu hiyo kuliko mifugo wengine wengi, na mara nyingi mwisho wake huwa kifo. Jina lenyewe la ugonjwa lina punda ndani yake, na kila mfugaji anayelisikia hana budi kuzinduka. Kidonda kile kilioshwa hadi ndani, sindano zikadungwa, na punda yule angali anavuta maji.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kelele si kipimo cha balaa. Tairi lilitoa sauti, kwato ikanyamaza. Na lile lililonyamaza ndilo lililokuwa na kifo ndani yake. Wahenga walituonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Hawakusema kwamba kila mwiba ni tende. Walisema tuutazame mwiba kabla ya kuudharau. Basi mkosi unapotufika, inafaa tujiulize maswali matatu. Kilichoondoka ni nini? Je, chaweza kurudi? Kisiporudi, ni nani atakayekikosa? Tairi lilipoteza upepo, na upepo hurudishwa kwa pampu. Kwato ilikaribia kupoteza uhai, ambao haurudi, na ambao ungeondoka pamoja na unga wa nyumba mbili.

Maswali haya hayakuzaliwa na msumari ule. Yalizaliwa katika miaka ambayo wenye punda hapa nchini hawataisahau. Kuanzia mwaka wa 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa, na hatimaye yakawa manne katika kaunti za Baringo, Nakuru, Turkana na Machakos. Kilichotafutwa hasa kilikuwa ngozi, ambayo huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, inayotumiwa katika dawa za asili za Uchina. Taasisi ya KALRO, inayotafiti kilimo na mifugo, ilieleza mwaka wa 2019 kwamba punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa kati ya mwaka wa 2016 na 2018. Sensa ya mwaka wa 2009 ilikuwa imehesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya mwaka wa 2019 ikawakuta takriban milioni 1.2. Ikumbukwe kwamba punda hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi na huzaa mtoto mmoja tu. Anayemchinja kwa kasi ya kuku hawezi kumpata tena kwa kasi hiyo. Ngozi ilipopata bei, wezi nao wakapata kazi.

Jirani yangu mmoja, mama aliyekuwa akilea watoto wawili kwa mkokoteni mmoja, aliamka asubuhi akakuta kamba zimekatwa. Punda wake wawili walipatikana kichakani, ngozi hazipo. Tangu siku hiyo mzigo wa maji ulihamia mgongoni mwake na mgongoni mwa binti yake aliyekuwa kidato cha pili. Binti alianza kufika shuleni saa tatu. Kisha akawa hafiki siku za soko. Kisha akawa hafiki. Katika daftari la zamu aliandikwa mchelewaji, akaadhibiwa kwa ajili ya dakika alizozipoteza, na kwa muda mrefu hakupatikana mtu wa kumuuliza dakika hizo zilikuwa zimekwenda wapi. Shule iliiona pancha. Msumari uliokuwa ndani ya kwato haukuonwa.

Waliokuja kumpa pole mama yule walimwambia amshukuru Mungu, kwa kuwa fulani ameibiwa punda watano. Walikuwa na nia njema, lakini napinga faraja ya aina hiyo kwa moyo wangu wote. Kuyaweka mambo katika vipimo vyake ni kazi ya mtu kwa mikosi yake mwenyewe. Si rungu la kumnyamazishia mwenzake anayelia. Punda watano wa fulani hawakumrudishia mama yule hata mmoja. Mtu anayeamrishwa kuwa na subira na wale ambao hawajapoteza kitu hafundishwi hekima, anafundishwa kunyamaza. Fauka ya hayo, kama sote tungetulizwa kwa maneno hayo, wizi ule ungeendelea hadi zizi la mwisho.

Lililomsaidia lilikuwa jambo jingine. Wenye mikokoteni mtaani petu tulikubaliana kwamba hilo si adha wala si hasara, bali ni msiba, na msiba katika desturi zetu hauachiwi mtu mmoja. Tulipanga zamu za kulinda mazizi usiku. Tukamwazima punda kwa zamu, kila mmoja wetu akipunguza safari zake, hadi alipoweza kununua wake. Binti alirudi shuleni mwaka uliofuata, akalirudia darasa. Wakati huo huo, wenye punda katika sehemu nyingi za nchi walikuwa wakiandamana na kupeleka malalamiko. Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu iliitangua amri hiyo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliafikiana kuuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mambo hayo hayakuletwa na watu waliozimaliza nguvu zao wakilaani mitungi iliyopasuka. Yaliletwa na watu waliojua ni jambo gani lililostahili kelele zao.

Walimu wenzangu, darasa nalo lina matairi na kwato. Daftari lisilo na pambizo, sare iliyochanika, jibu la kipuuzi linalowachekesha wenzake: hayo ni matairi. Yazibwe, na safari iendelee. Lakini mtoto aliyekuwa akiinua mkono kila siku na sasa hauinui, mtoto anayesinzia katika kipindi cha kwanza, mtoto anayesema tu kwamba alianguka, huyo ana msumari kwatoni, hata kama anatembea vizuri. Mwalimu anayefoka kwa sauti ile ile kwa mambo yote huwazoesha wanafunzi wake kutomsikiliza, na siku ya hatari sauti yake itakuwa imekwisha kazi.

Nanyi wanafunzi, alama mbaya katika mtihani wa majaribio ni tairi lililopoteza upepo. Inaudhi, tena inachelewesha, lakini pampu ipo, nayo ni kitabu na muda uliobaki. Msiuite mwisho wa maisha, kwa maana maisha yana miisho yake ya kweli, na jina hilo limewekewa hiyo. Hali kadhalika, msiyafiche yale machache yanayouma kimya kimya kwa kuogopa kuonekana wadhaifu. Jeraha lililofungika juu halijapona kwa sababu tu halionekani.

Mikosi haitakwisha. Kesho tairi jingine litatoboka, na keshokutwa mtungi mwingine utapasuka. Sisemi tusikasirike, kwani hasira haina kibali cha mtu. Nasema tusimame kwanza, kama afanyavyo yule mnyama tunayemwita mkaidi, tuyatazame maji kabla ya kuyavuka. Tukikuta ni kidimbwi tu, tupite bila ya kelele. Tukikuta ni shimo, basi tuwaite na wenzetu.